York Park ni ya nani? Barua ya wazi kwa wanaosimamia uwanja wa Launceston

Mkazi wa Invermay,
Launceston, Tasmania,
Australia.

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia viwanja vya michezo vya jimbo hili, pamoja na ninyi mnaotia saini fedha zake.

YAH: UBORESHAJI WA UWANJA WA YORK PARK NA NAFASI YA WENYEJI WAKE

Waheshimiwa,

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza niliziandika kwa Kiingereza na kuzituma kimyakimya kwa ofisi ambazo sitazitaja hapa. Moja ilijibiwa na mashine: asante kwa maoni yako. Mbili zilizobaki hazikujibiwa kabisa. Nikasema basi, ya nne nitaiandika kwa lugha ninayoiota usiku na kuiweka hadharani. Atakayetaka kujua imesema nini atafute mkalimani, kama mimi nilivyokuwa nikimtafuta miaka ya mwanzo kila bili ya maji ilipoingia.

Mimi ni Mkongo niliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Leo naishi Invermay, ng'ambo ya mto North Esk ukitokea katikati ya jiji, na siku ya mechi nikifungua dirisha la jikoni nasikia uwanja wote ukivuta pumzi kwa pamoja. Kwa ndugu wasomaji walio mbali: mchezo wenyewe si huu wa akina Simba na Yanga. Ni futiboli ya Australia, mpira wenye umbo la yai, uwanja wa duara refu, watu 18 kila upande, na milingoti minne kila mwisho. Ukipitisha katikati unapata alama sita, ukipitisha pembeni unapata moja. Mwezi wa kwanza niliuona kama ugomvi wenye refa. Mwezi wa tatu nilikuwa nimenunua skafu.

Siku moja ya Julai nilikwenda na mwanangu mmoja, ana miaka saba, kuwatazama Hawthorn. Ukungu wa mto Tamar, ambao wenye ardhi hii tangu kale wanauita kanamaluka, ulikuwa haujainuka. Vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena. Mtoto alimaliza pai yake, akafuta mikono kwenye koti langu, akauliza: "Baba, hawa wanakaa mtaa gani?" Nikamwambia wanakaa Melbourne, wamekuja kwa ndege, jioni watarudi. Akanyamaza kidogo. "Sasa timu yetu iko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Kabla ya malalamiko, naomba tukumbushane uwanja huu ni nini, maana nikitazama michoro ya majukwaa mapya naona kama hapo pamekuwa na nyasi tu na hewa. Palikuwa kinamasi. Baadaye pakawa viwanja vya maonyesho, na 1921 York Park ikafunguliwa. Tarehe 13 Juni 1960, hapo hapo, timu ya Tasmania iliifunga Victoria 91 kwa 84. Kwa asiyejua uzito wake: Victoria ndiko Melbourne, ndiko utajiri wote wa mchezo huu ulikolala. Jirani yangu, mzee wa upande wa kushoto, alikuwa mtoto siku ile, amepandishwa mabegani na baba yake. Alinisimulia tukiwa tumeegemea uzio, yeye ana mkasi wa kupogolea waridi. Alama hazikumbuki. Anachokumbuka ni kofia ya baba yake iliyorushwa juu king'ora kilipolia, wasiione tena mpaka leo.

Baada ya hapo hadithi ni ya kuondoka. Darrel Baldock, mchezaji wa kisiwa hiki, alivuka bahari, akawa nahodha wa St Kilda walipotwaa ubingwa 1966, ubingwa pekee ambao klabu ile imewahi kuupata. Peter Hudson alivuka, na 1971 akawafungia Hawthorn magoli 150 katika msimu mmoja. Kisiwa kikawa shamba, na mavuno yakaliwa ng'ambo. Kisha kuanzia 2001 Hawthorn wakaanza kutuletea mechi za ligi kuu, na tangu 2007 serikali ya jimbo imekuwa ikiwalipa, neno "Tasmania" likaandikwa kifuani mwa jezi zao za kahawia na dhahabu. Mechi nne kwa mwaka. Sisemi walikuja bure bure, tuliwapenda. Juni 2006, Hawthorn na Richmond, waliingia watu 20,971, na hiyo ndiyo rekodi ya uwanja. Ila kumkodi mchezaji wa harusi si kuoa.

Na mwaka huo huo wa 2006 ndipo uwanja huu ulipopata umaarufu wake wa ajabu. Tarehe 30 Aprili, St Kilda na Fremantle. Fremantle wanaongoza kwa alama moja, muda umekwisha, king'ora kinalia. Lakini kinalia kinyonge, na waamuzi wakiwa katikati ya kelele hawakukisikia. Mpira ukaendelea. Mchezaji mmoja wa Fremantle anainua mikono kushangilia, mwingine anakimbilia mpira, mashabiki wanapiga kelele kwamba imekwisha, na kelele hizo ndizo zinazidi kukifunika king'ora. St Kilda wakapata alama moja, matokeo yakawa sare. Siku chache baadaye wakuu wa ligi wakakaa na kuyageuza: Fremantle wameshinda. Tangu 1900 matokeo hayakuwahi kugeuzwa kwa rufaa. Watu wa hapa mpaka leo wanacheka wakisimulia. Mimi sicheki sana. Nina barua tatu ambazo hazikusikika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mechi zenyewe hazijafungwa kwa maandishi ambayo mwananchi anaweza kuyashika.

Uboreshaji wa York Park umetengewa dola milioni 130, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka jimbo. Si fedha ndogo kwa mji wa watu wapatao elfu tisini. Lakini kule Hobart, mji mkuu wa jimbo ulio kusini, eneo la Macquarie Point, umepangwa uwanja mpya wenye paa na viti 23,000. Mwaka 2023 ulitajwa kuwa wa milioni 715, baadaye hesabu ikapita bilioni moja. Uwanja huo ndio sharti la ligi kwa kisiwa hiki kupata timu yake, Tasmania Devils, inayotarajiwa kuingia 2028 baada ya zaidi ya miaka mia ya kungoja.

Sipingi Hobart. Nasema hivyo wazi kwa sababu hapa kaskazini ukihoji jambo lolote la kusini unaambiwa ni ule ugomvi wa zamani, ugomvi ambao umegawa hata bia: huku wanakunywa Boag's, kule Cascade. (Mimi ni mtu wa chai, kwa hiyo niaminini.) Klabu ya Devils ilipofungua uanachama wa waasisi kwa dola kumi, watu zaidi ya laki mbili walijiandikisha, kwa timu ya jimbo lenye watu wasiofika laki sita. Kadi yangu na za watoto watatu ziko kwenye droo moja na vyeti vyetu vya uraia. Hiyo ndiyo timu ambayo mwanangu alikuwa akiiulizia. Hofu yangu ni kwamba itakuja, itakuwa yetu kwa jina, nasi tutaitazama kwenye runinga huku Hobart ikibeba utamu na sisi tukibaki na majukwaa mapya yanayofunguliwa siku za kuhesabika. Ahadi zinazotolewa jukwaani nimezisikia. Nimeishi kambini miaka kumi na sita, Waheshimiwa. Kuhusu ahadi za jukwaani mimi ni mtaalamu.

2. Vilabu vya nyumbani vinaweza kugeuzwa wapangaji kwenye nyumba yao.

North Launceston wanacheza York Park. Si mara moja moja. Ndipo nyumbani kwao. Klabu hiyo ndiyo ile ya fainali ya jimbo ya 1967 kule Burnie, ambapo mashabiki wa Wynyard walivamia uwanja na kung'oa milingoti ili mchezaji wa North Launceston asipige mpira wa mwisho, timu yao ikiwa mbele kwa alama moja. Fainali haikupata mshindi. Watu waliobeba mchezo namna hiyo si wa kuambiwa leo wapige simu kuuliza kama kuna nafasi.

Ligi ya jimbo zima ilivunjwa mwisho wa msimu wa 2024 na vilabu vikarudi kwenye ligi za kanda. Ligi ya kanda haina televisheni. Haina wadhamini wa kulipia taa za usiku. Ikiwa gharama ya kukodi uwanja baada ya uboreshaji itapandishwa ilingane na zege jipya, atakayefukuzwa si Hawthorn wala Devils. Atakayefukuzwa ni kijana anayefanya kazi ya kupaka rangi Jumatatu hadi Ijumaa na kucheza Jumamosi. Nimeona viwanja vinavyokwenda hivyo: kwanza nyasi zinalindwa, halafu geti linalindwa, mwisho hata uzio unawekewa mtu wa kuulinda.

Niruhusuni nieleze jambo moja dogo. Wakati wa mapumziko, kwenye mechi kubwa, watoto wadogo huingizwa uwanjani kucheza dakika chache. Mwanangu aliingizwa mara moja. Hakugusa mpira ila mara mbili, na ya pili aliteleza, akaangukia uso, akainuka na tope mpaka kwenye kope. Alipotoka nilimwuliza kama ameumia. Aliniambia, "Baba, nyasi zake ni laini kuliko za shuleni." Ile jezi mama yake hakuruhusiwa kuifua wiki nzima. Nyasi zile ndizo ninazozizungumzia. Nataka ziguswe na watoto wengine, na wasiwe wa mapumziko tu.

3. Mahali pa kusimama.

Hili nitalisema kwa kifupi. Kila uwanja ukiboreshwa, viti vya starehe vinaongezeka na sehemu ya kusimama inapungua, na bei hufuata viti. Familia yetu ni ya watu watano. Sisi ni wa sehemu ya kusimama. Hapo ndipo nilipojifunza sheria za mchezo, kutoka kwa bibi mmoja mwenye chupa ya chai ya moto na blanketi, ambaye alikuwa akimtukana mwamuzi kwa adabu kubwa kisha akinigeukia kunieleza kosa lilikuwa nini. Kwenye kiti chenye namba nisingekutana naye.

4. Maji.

Invermay iko bondeni, kwenye udongo uliokuwa kinamasi, pembeni mwa mito. Mafuriko ya 1929 bado yanasimuliwa hapa kama jambo la juzi. Tumejengewa matuta ya kuzuia maji, na Juni 2016 matuta hayo yalituokoa. Nayasifu na walioyajenga nawasifu. Lakini usiku ule nililala na viatu miguuni, pasipoti zikiwa kwenye mfuko wa plastiki shingoni, tabia ambayo nilidhani nimeiacha Kigoma. Uwanja, chuo kikuu, jumba la makumbusho na nyumba zetu vyote viko nyuma ya matuta yaleyale. Paa kubwa na lami pana humwaga maji mengi kwa haraka. Mtueleze yanakwenda wapi. Nataka mchoro wenye mishale, siyo sentensi yenye neno "endelevu".

5. Jina na kumbukumbu.

Uwanja umeuzwa jina mara mbili, kwanza kwa kampuni ya umeme, kisha kwa chuo kikuu. Sawa, fedha ni fedha. Lakini hatua chache kutoka getini, kwenye karakana za zamani za reli, kuna makumbusho ya Queen Victoria. Siku ile ya 1960 Victoria iliposhindwa haistahili kupata ukuta mmoja ndani ya uwanja wenyewe? Na ile ya 2006, king'ora chenyewe? Watu wangelipia kukibonyeza. Mimi ningelipia.

Sasa, najua majibu mtakayotoa, kwa sababu mengine nimeshayasikia kutoka kwa watu wanaokaa karibu nanyi.

Mtasema ratiba ni ya ligi, si yenu. Lakini ligi ilipotaka uwanja wenye paa Hobart kama sharti la leseni, sharti likaandikwa na mkatia saini. Kumbe masharti yanaandikika. Nasi andikieni letu.

Mtasema ni mapema mno, 2028 bado iko mbali. Zege likishamwagwa, Waheshimiwa, hakuna anayerudi kuuliza lilimwagiwa nini. Wakati wa kuuliza ni sasa.

Mtasema maoni ya wananchi yalikusanywa. Kujaza fomu si kusikilizwa. Na fomu yenyewe inamtaka mtu awe na kompyuta, na Kiingereza cha ofisini, na jioni isiyo na zamu. Nawafahamu kina mama wa Kiburundi, Kikongo na Kinepali ambao watoto wao wamo kwenye timu za hapa na ambao hawajawahi kuulizwa chochote na mtu yeyote kuhusu uwanja huo.

Wapo pia watakaosema, siyo ninyi bali wale wa mitandaoni, kwamba huyu ni mgeni, anajua nini kuhusu futi. Hao nawakumbusha tarehe 30 Oktoba 2003. Kombe la Dunia la raga, Namibia na Romania, hapa York Park. Hakuna aliyekuwa na ndugu pande zote mbili. Basi wenyeji wakagawana kwa tarehe za kuzaliwa: wa shufwa upande huu, wa witiri upande ule. Wakaja watu zaidi ya elfu kumi na tano kushangilia timu ambazo wengi wao wasingeweza kuzionyesha kwenye ramani. Namibia walifungwa 37 kwa 7, lakini walishangiliwa kama watoto wa Invermay. Mji unaoweza kufanya hivyo hauna haja ya kuniuliza nimetoka wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuja. Nalipa kodi.

Ninachoomba ni haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi:

Kwanza, itangazwe hadharani idadi ya mechi za Devils zitakazochezwa York Park kila mwaka, isiwe pungufu ya zile nne ambazo tumekuwa tukiletewa na Hawthorn, na itajwe itadumu miaka mingapi. "Tunatarajia" si idadi.

Pili, North Launceston na fainali za ligi ya kanda, za wanaume na za wanawake, zihifadhiwe siku zao kwenye mkataba wa uendeshaji, kwa ada isiyopanda kwa sababu ya ujenzi huu.

Tatu, sehemu ya kusimama ibaki, na bei ya tiketi ya familia itajwe kabla ya jukwaa jipya kufunguliwa.

Nne, mpango wa maji ya mvua ubandikwe mahali watu wa Invermay wanapopita, kwa lugha zinazosemwa Invermay. Kiswahili kimo. Kwa hicho nitawafasiria bure.

Ukuta wa 1960 sitauwekea sharti. Huo nauomba tu, kwa ajili ya mzee wa mkasi wa waridi, ambaye hana miaka mingi ya kuungoja.

Natoa siku thelathini. Zikipita, nitaanza kukusanya saini getini, siku ya mechi, kwenye foleni ya pai, mahali ambapo hakuna asiye na muda. Mkipenda tuonane kabla ya hapo, nipo jioni yoyote isipokuwa Jumatano, siku ya mazoezi ya watoto. Mkalimani nitakuja naye mwenyewe: binti yangu, yuko darasa la tisa, na nawatahadharisha kwamba hafasiri maneno ya kuzungukazunguka, huyaruka.

Wenu katika kuujenga mji huu,

Baba wa watoto watatu,
mwanachama mwasisi wa Devils,
Invermay.

Nakala: Jirani wa upande wa kushoto (nitamsomea uzioni).